Bi Sehemu Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Nimeripoti shuleni. Wiki tatu za mazoezi ya kufundisha, na hii ni mara yangu ya pili. Ya kwanza nilifeli. Nikifeli tena chuo kinanitimua, barua imesema hivyo bila kumung'unya maneno. Mama mdogo, ninayeishi kwake, hajui habari za barua. Mtaa mzima ameshautangazia kwamba mimi ni mwalimu kamili. Hata fundi viatu pale kona ananiita mwalimu, tena kwa heshima. Nikirudi mikono mitupu nitapitia wapi?

Kosa langu ni moja tu. Nikisimama mbele ya watoto, sauti inakata. Chumbani kwangu, mbele ya kabati, nahutubia kama waziri. Mbele ya watoto, bubu. Lakini safari hii nina dawa. Insha yangu ya chuoni kuhusu teknolojia darasani ndiyo kazi pekee niliyowahi kupatia alama za maana. Niliandika kwamba mwalimu wa kesho hatasema, ataonyesha. Mkufunzi aliipigia mstari sentensi ile kwa wino mwekundu na kuweka alama ya kuuliza pembeni. Bila shaka ilimshangaza.

Nimepewa hisabati, darasa la tano, chini ya mwalimu mlezi ambaye shule nzima inamwita Bi Sehemu. Nusu, robo, thuluthi, ndiyo maisha yake. Alishastaafu, yupo kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Vifaa vyake: chaki na mikono miwili. Leo amefundisha sehemu kwa kuwasimamisha watoto wajigawe wenyewe. Wapo sabini na mmoja, hawagawanyiki. Basi yeye mwenyewe akaingia kwenye mstari, wakawa sabini na wawili. Nusu huku, nusu kule. Thuluthi mlangoni. Vumbi, vicheko, mabenchi kuanguka. Mambo ya kale kabisa! Nilikaa nyuma nikamwonea huruma.

Mwenzangu wa chuo amepewa darasa la nne, mlango wa pili. Tunamwita Miwani. Tayari anajua majina ya watoto ishirini. Kimbelembele tu.

Habari njema: ndani ya stoo ya mwalimu mkuu kuna projekta. Ililetwa na wafadhili miaka minne iliyopita, ikafunikwa kitambaa cha meza, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Nimeula!

Jumanne, 4 Machi

Projekta haina waya. Mkuu amesema ataulizia. Kwa hiyo nimelazimika kusimama mwenyewe.

Niliandika tarehe ubaoni. Polepole, kwa mwandiko mzuri. Nikageuka. Macho mia moja arobaini na mawili! Nikageukia ubao tena, nikapigia tarehe mstari. Nikapiga mstari wa pili. Kijasho chembamba. Kutoka nyuma Bi Sehemu akawaambia watoto kwamba mwalimu mgeni koo linamsumbua, wampe pole. Wakanipa pole, wote kwa pamoja. Kisha akafundisha yeye.

Baadaye alinikuta nyuma ya choo cha walimu nikijifanya nasoma andalio langu la somo. Hakunicheka. Alisema, "Mwanangu, muulize mtoto mmoja jambo ambalo wewe kweli unataka kulijua. Sauti itakuja yenyewe."

Nimelifikiria njia nzima kurudi nyumbani. Sioni jambo lolote ninalotaka kulijua kutoka kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Alhamisi, 6 Machi

Waya umepatikana. Jana mchana nilijirekodi chumbani kwa simu. Ajabu! Sauti nene, mkono mfukoni, kidevu juu. Hata mama mdogo alichungulia mlangoni akaondoka kwa kunyata, machozi yanamlengalenga. Kujumlisha sehemu, dakika ishirini, bila kukwama hata mara moja.

Leo nikajiwasha ukutani. Watoto kimya. Mimi wa kweli nimeegemea dirisha, roho kwatu. Mara, dakika ya sita, mimi wa ukutani nikachukua robo tatu nikajumlisha na robo moja. Nikajumlisha za juu, nikajumlisha za chini. Nne juu ya nane. Nikatamka kwa fahari kwamba jibu ni nusu.

Mungu wangu.

Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Akamnyooshea ukuta! Mimi wa ukutani nikaendelea. Binti akasimama akauliza, kwa adabu zote, inakuwaje mtu mwenye robo tatu akiongezewa robo abaki na nusu. Nikajaribu kujisahihisha kutoka dirishani. Sauti ikatoka nyembamba kama ya mbu. Mimi wa ukutani nilikuwa na sauti kubwa zaidi, ikaifunika hii yangu, na kitufe cha kuzimia projekta sikujua kiko wapi. Robo saa nzima nilifundisha makosa nikijitazama.

Miwani alisikia vicheko akaja kuchungulia. Akafunga mlango polepole akarudi kwake. Heri angecheka.

Ijumaa, 7 Machi

Msimamizi kutoka chuoni atakuja Jumatano ya tarehe 19. Maji yako shingoni.

Nimewaza tangu alfajiri. Tatizo la jana halikuwa teknolojia. Tatizo lilikuwa mtu niliyemrekodi. Sasa katika shule hii ni nani anayejua hisabati, ana sauti, na hawezi kumkatalia mtu? Akili ni mali!

Nilimfuata Bi Sehemu wakati wa chai. Nikamwambia nataka kumrekodi ili masomo yake yasipotee. Alitikisa kichwa, akasema yeye si wa mambo ya picha. Nikabadili upepo. Nikasema ni kwa ajili ya watoto wanaougua, walale nyumbani na somo wasilikose. Hapo akakiweka kikombe chini.

Kumbe nimegusa mahali. Mumewe amepooza upande mmoja, mwaka wa pili huu yuko kitandani. Kifua nacho kinamsumbua. Anatibiwa kwa bima ya mkataba wa mkewe, na ndiyo sababu mama wa watu hajakaa nyumbani kupumzika kama wastaafu wenzake. Anajua mtu kulala kitandani kulivyo, alisema, hasa mtoto. Amekubali. Ila kwa sharti: ni kwa ajili ya wagonjwa tu.

Nikaapa. Kuapa ni rahisi, sauti haikukatika hata kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Tumeanza kurekodi, saa tisa, watoto wakishaondoka. Amekuja na gauni la sherehe na nywele kasuka upya. Akaniuliza kama aliyekaa nyuma atasikia. Nikamweleza hakuna nyuma, mama, kuna simu tu. Hakuelewa. Anapaza sauti hadi ukuta wa mwisho.

Shida yake ni moja. Anauliza maswali! Darasa tupu, mabenchi matupu, yeye anauliza nani anajua robo ya kumi na mbili, kisha anasubiri. Anatazama dawati hili, anatazama lile. Anatabasamu. Anamngoja mtu asiyekuwepo amalize kuhesabu vidole. Sekunde kumi, ishirini. Nikamwomba apite haraka. Akasema hajui kupita haraka, mtoto mzito ndiye anayesubiriwa.

Basi nimekuwa nikikata. Kwenye kompyuta ya kuazima nimeondoa kila alipongoja, kila aliporudia, na kila aliposema "haya, jaribu tena". Somo la dakika arobaini limekuwa dakika kumi na moja. Safi, limenyooka, halina mafuta.

Jumatano, 12 Machi

Masomo tisa yamekamilika. Bi Sehemu amechoka, sauti imemkauka, lakini hakosi. Leo aliniletea yai la kuchemsha, eti nimekonda.

Nilimwonyesha Miwani kazi yangu, nimkate maini kidogo. Alitazama somo zima bila kupepesa. Aliuliza palipokatwa palikuwa na nini. Nikamweleza. Akavua miwani akaifuta.

"Umekata mahali alipokuwa anafundisha," alisema.

Wivu! Wivu mtupu, tena wa waziwazi.

Ijumaa, 14 Machi

Siku yangu! Nimemwasha Bi Sehemu ukutani, somo la kuzidisha sehemu, Bi Sehemu wa kweli akiwa hayupo. Nilijua Ijumaa anawahi kumpeleka mumewe kliniki. Watoto kimya kama maji ya mtungini. Hakuna aliyenyoosha mkono kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kunyoosha mkono. Dakika kumi na moja, somo kwisha. Watoto wakaangaliana.

Nikaliwasha tena toka mwanzo, na hapo mwalimu mkuu akaingia. Akasimama pale mlangoni kama dakika tatu. Mkuu wetu ni mtu wa karatasi, darasani haingii mpaka kuwe na mgeni. Aliniuliza ninayo masomo mangapi ya namna hii. Nikamwambia tisa, na yatafika kumi na mbili. Akauliza kama darasa la tano A na B wanaweza kukaa pamoja ukumbini wakatazama kwa mara moja. Nikasema hata shule nzima, mheshimiwa! Akauliza kama mashine inahitaji likizo. Tukacheka wote wawili. Nilijisikia mtu.

Nilipogeuka, Bi Sehemu alikuwa mlangoni. Kliniki walimrudisha, daktari hakufika. Alijitazama ukutani, katika lile gauni la sherehe, akiongea haraka haraka bila kumngoja mtu. Alitazama mpaka mwisho. Kisha akanijia taratibu akaniuliza, "Leo wagonjwa walikuwa wangapi?"

Nikamjibu hakuna hata mmoja, wamehudhuria wote sabini na mmoja, namshukuru Mungu. Aliitikia kwa kichwa akaondoka. Sijui kwa nini aliuliza wakati daftari la mahudhurio analo yeye.

Jumatatu, 17 Machi

Bi Sehemu amesema hatarekodi tena. Hakugomba. Alisema tu koo limemchosha. Masomo matatu bado: desimali, maumbo, asilimia. Mtu akishasifiwa kidogo huanza kuringa, hata wazee!

Lakini kwa Jumatano namhitaji Bi Sehemu mmoja tu, na huyo ninaye kwenye kompyuta.

Jumatano, 19 Machi

Msimamizi alifika saa mbili na nusu, akakaa benchi la nyuma na fomu zake mapajani. Niliingia. Nikafungua mdomo, na sauti ikatoka, kweli ikatoka! Nilisema, "Zimeni taa."

Ndiyo maneno yangu yote ya leo. Na yalitoka safi.

Bi Sehemu akafundisha kutoka ukutani. Mimi nilisimama karibu na swichi nikiitikia kwa kichwa pale alipokuwa sahihi, yaani kila mahali. Binti yule wa dawati la mbele alinyoosha mkono dakika ya tano. Mkono ulikaa juu mpaka dakika ya kumi, ukachoka, ukashuka. Nilimwona. Nilijifanya nasogeza waya.

Msimamizi aliomba taa ziwashwe. Akaniuliza mimi nilifundisha nini. Nikamwonyesha fomu yake mwenyewe, ukurasa wa pili: matumizi ya teknolojia, alama thelathini. Sauti na kujiamini, alama kumi tu. Alisoma mara mbili. Alisema fomu imetengenezwa na wakubwa na yeye anajaza tu. Akajaza, huku akipumua kwa nguvu.

Nimefaulu! Nimefaulu! Hamsini na tatu kwa mia! Mama mdogo amepiga vigelegele mpaka fundi viatu akafunga duka kuja kuuliza kuna nini.

Alhamisi, 20 Machi

Mkuu ameita kikao wakati wa chai. Akasoma barua. Kila shule ipunguze mwalimu mmoja wa mkataba, na majina yatolewe kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa wiki mbili alikuwa hajui ampunguze nani, alisema, usingizi haupati. Kisha kijana wetu mbunifu akaleta suluhisho. Akaninyooshea kidole. Masomo ya Bi Sehemu yapo salama kwenye mashine, kwa hiyo shule haitapoteza chochote. Mkataba wake umesitishwa kuanzia leo. Na bima, bila shaka, inakwenda na mkataba.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mmoja wa zamani akasema kwa sauti ya chini, kikulacho ki nguoni mwako. Wengine wakaguna. Sikujua wanamsema nani, nikaguna nao.

Bi Sehemu alikunja kitambaa chake cha kufutia chaki, mara mbili, mara nne. Aliuliza swali moja tu, kama anaweza kuruhusiwa kuwaaga watoto kesho. Mkuu akasema dakika kumi.

Nilijisikia vibaya. Niandike ukweli, hapa hakuna anayenisoma: nilijisikia vibaya hasa, mkate nikaurudisha sahanini. Nilitaka kusimama niseme kitu. Nilifungua mdomo. Ile hali yangu ikanirudia, ya bubu. Si kosa langu, ni maradhi, hata msimamizi anayajua. Hali iliendelea hadi mapumziko ya mchana, mkuu aliponiita ofisini.

Ofisini kulikuwa na soda. Alisema darasa la tano halihitaji tena mwalimu wa hisabati, linahitaji mtu wa kuwasha na kuzima. Huyo mtu ni mimi! Nikimkamilishia masomo kumi na mawili, ataniombea nafasi muhula ujao. Nimemwahidi. Nilitoka pale nikitembea juu juu.

Ijumaa, 21 Machi

Bi Sehemu aliwaaga leo. Hakutoa hotuba. Aliwaambia wajigawe nusu kwa nusu. Wakahangaika, wakahesabiana vichwa, mmoja akabaki katikati akitazama huku na huku. Wakamgeukia yeye, wamezoea. Wakamngoja aingie mstarini.

Hakuingia. Alisema, "Hesabuni tena wanangu, polepole, nawasubiri." Wakahesabu tena. Alisubiri dakika zote zilizobaki. Kengele ikalia hawajagawanyika, akachukua mkoba wake akatoka, na yule binti wa dawati la mbele akaanza kulia, kisha wenzake. Sabini na mmoja wanalia kwa pamoja! Nikawasha projekta haraka niwatulize. Walipomwona ukutani wakalia zaidi. Somo hilo nitalifanyia marekebisho, huenda mwanga ulikuwa mkali mno.

Miwani amenipita kwenye korido akatema mate pembeni. Yeye aliyependwa na watoto amepata sitini na moja tu, nimeiona fomu. Nane zaidi yangu, kwa jasho lote lile!

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda nyumbani kwa Bi Sehemu. Nyumba ndogo, safi, vyumba viwili, mlango mmoja kati yake hauna mbao, pazia tu. Nilibisha hodi nikiwa na simu, kisimamio cha simu, na machungwa matatu ili nisionekane nimekuja kwa shida.

Nilimweleza hali halisi. Mtihani wa darasa la tano ni Mei. Utakuja na asilimia, na asilimia watoto hawana. Mwalimu hawana. Mimi, aliyajua mwenyewe, koo. Nikasema sitaki kumlazimisha, ila sabini na mmoja wale watafeli, na wao hawakumkosea kitu.

Kisha alinyanyuka, akaenda nyuma ya pazia, akarudi amevaa lile gauni. Hakuniangalia.

"Safari hii usikate," alisema. "Washa."

Akafundisha. Bila ubao, bila chaki, kwa maharage juu ya sinia. Mia moja aliyahesabu mojamoja. Aliuliza, akasubiri. Aliuliza, akasubiri. Sauti ilifika ukuta wa mwisho na kupita. Niseme kweli, hata mimi nimeelewa asilimia leo, kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nikiipita tu chuoni.

Nimerudi nyumbani nikafungua kazi, na nimekasirika mno. Imeharibika! Nyuma ya pazia mume wa Bi Sehemu anakohoa. Dawa zilikwisha jana na kliniki hawampokei bila bima, kwa hiyo anakohoa mfululizo, kikohozi kirefu kikavu, na kila mama anapouliza swali na kusubiri, panajaa kikohozi tu. Nimejaribu kukikata, kikitoka na kimya chote kinatoka. Imebaki dakika tisa.

Kesho mchana nitarudi turekodi upya. Nitamwomba amtoe mgonjwa nje, amlaze uani kwa saa moja hivi. Machungwa sitapeleka tena, yale ya leo hawakuyagusa.